Mganga Ajue na Kuogelea

Mchezaji anayemtengeneza mhusika wake wa kwanza wa Dungeons & Dragons, akachagua kuwa mganga wa kitabu, kwa kawaida humaliza saa nzima kwenye orodha ya dawa na dakika mbili kwenye orodha ya ujuzi wa kawaida. Si ajabu. Dawa ndizo zilizomvuta mezani: moto unaorushwa kwa kiganja, usingizi unaolaza walinzi, kupotea machoni pa watu mchana kweupe. Kuogelea, kunyata, kusikiliza, kubembeleza, kufuata nyayo, hayo huyaona ni ya wahusika wengine, wale wasio na kitabu. Anachagua harakaharaka Elimu ya Uganga na Historia, anafunga karatasi, mchezo unaanza. Amepata mganga anayejua mambo ya uganga kwa namna tatu tofauti, na ambaye mtumbwi ukipinduka mbele ya Mbamba Bay atazama kama jiwe. Ushauri wangu ni kwamba ujuzi ulio nje ya fani ya mganga uchaguliwe kwa kuangalia pale dawa zake zinapokoma. Pitia kila dawa uliyoiandika, tafuta kazi inayoiacha nusu, kisha chukua ujuzi wa kuimalizia.

Kwa asiyeufahamu mchezo, maelezo machache. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, na tangu hapo umezaa mamia ya michezo ya aina yake. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja wao, msimamizi, husimulia dunia na yanayotokea, na wengine kila mmoja huongoza mhusika mmoja. Jambo likiwa na mashaka, dadu ya pande 20 hurushwa, mchezaji anaongeza alama za mhusika wake, na jumla hulinganishwa na kiwango cha ugumu alichopanga msimamizi. Hadithi inaweza kuwekwa popote, na sioni sababu ya vijana wa Mbinga au Liuli kuazima ngome za Ulaya wakati wana mteremko mkali wa Umatengo unaoshuka hadi ziwani, mapango ya milimani yaliyowaficha watu wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, na Ziwa Nyasa lenyewe, ambalo upepo wa mwera ukilichafua halina huruma kwa mtu. Kanuni ninazozitumia hapa ni za toleo la tano, kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Toleo la 2024 limebadilisha mambo kadhaa lakini hoja haibadiliki.

Tuanze na kanuni zinampa nini mganga, kwa sababu wachezaji wengi hudhani kuchukua ujuzi wa nje ni kuipunja fani. Mganga wa kitabu huchagua aina mbili za ujuzi kutoka orodha ya sita: Elimu ya Uganga, Historia, Kumsoma Mtu, Upekuzi, Tiba na Dini. Kisha historia ya maisha yake ya awali, kama alikuwa baharia, mtawa, msomi au mtoto wa mtaani, humpa nyingine mbili, pamoja na lugha au vifaa vya kazi fulani. Jumla nne. Hakuna hata moja inayolipiwa kwa dawa. Dawa sita za kuanzia kitabuni zipo palepale, na mbili mpya zitaongezeka kila anapopanda ngazi, awe amechagua Historia au amechagua kupanda miamba. Mchezaji anayesema hataki kupoteza nafasi kwa mambo ya nje anailinda mali ambayo hakuna anayeitaka.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Mganga wa ngazi ya kwanza huwa na akili 16, inayompa nyongeza ya tatu, na aliyefunzwa ujuzi wowote huongeza mbili. Akipekua chumba penye ugumu wa 15, anaongeza tano kwenye dadu, hivyo anahitaji kurusha 10 au zaidi: nafasi asilimia 55. Asingefunzwa ingekuwa asilimia 45. Chukua sasa riadha, yaani kuogelea, kupanda na kuruka, ambako mganga huyohuyo mwenye nguvu 8 ana upungufu wa moja. Bila mafunzo nafasi yake ni asilimia 25. Akifunzwa ni 35. Wachezaji hutazama 55 na 35, wakahitimisha kwamba mganga aende kwenye mambo ya akili tu. Wanalinganisha visivyolinganishwa. Mafunzo yameongeza asilimia 10 pande zote mbili, na kwa yule aliyeanzia 25 nyongeza hiyo ni kubwa zaidi kwa uwiano: kati ya majaribio 20 alikuwa akifaulu matano, sasa anafaulu saba. Kuanzia ngazi ya 17 nyongeza ya mafunzo inafika sita, na pengo kati ya aliyefunzwa na asiyefunzwa linakuwa asilimia 30. Hiyo ndiyo tofauti ya mhusika anayevuka mto na anayeachwa ng'ambo.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu peke yake hailionyeshi, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Ujuzi mezani uko wa aina mbili. Upo ambao mtu mmoja akifaulu, kundi zima limefaulu: kukumbuka ukoo wa mfalme fulani, kufungua kufuli, kusoma maandishi ya kale. Na upo ambao kila mtu hujirushia dadu yake: kuogelea mtumbwi unapozama, kunyata kupita walinzi, kusikia hatua za mtu gizani wakati wa zamu yako. Katika aina ya kwanza, mwachie aliye bora. Mganga akiwa na akili nyingi kuliko wote, basi Historia au Upekuzi ni wake kwa haki. Katika aina ya pili hakuna wa kukusaidia. Mpiganaji anaweza kuwa muogeleaji hodari kama kijana aliyekulia Lituhi, lakini pafu lake halivuti hewa kwa ajili yako. Na watu wanne wakinyata, mmoja akigunduliwa, wamegundulika wote.

Turudi kwenye dawa, tuzitazame moja moja, kwa sababu waandishi wa kanuni hizi walifanya jambo la busara ambalo wachezaji hulipita bila kuliona: karibu kila dawa maarufu ina pengo lililoachwa makusudi. Dawa ya kupotea machoni humfanya mtu asionekane kwa muda wa hadi saa moja, lakini nyayo zake zinabaki mchangani na miguu yake inasikika kwenye majani makavu ya mgomba. Asiyejua kunyata atapita mbele ya mlinzi asionekane, na mlinzi atamsikia na kupiga kelele. Dawa ya kufungua milango inafungua kufuli yoyote ya kawaida mara moja, ila inatoa mlio unaosikika umbali wa futi 300, karibu mita 90. Kwa maneno mengine, imefungua mlango na kuamsha kijiji. Dawa ya kumvuta mtu akupende hudumu saa moja, na ikiisha mtu huyo anajua kabisa kwamba alirogwa. Hebu fikiria kumfanyia hivyo mwenye mtumbwi pekee wa kukuvusha, halafu kesho yake urudi kumwomba akurudishe. Mwenye ushawishi wa kweli, anayejua kuamkia wazee na kungoja azungumze mkubwa, hapati kazi ya haraka kama ile ya dawa, lakini kesho atapokelewa.

Dawa ya lugha ni mfano mzuri zaidi. Iko ngazi ya kwanza, na mganga anaweza kuifanya taratibu kutoka kitabuni bila kutumia nafasi yoyote ya dawa kati ya alizo nazo kwa siku, kwa kuongeza dakika kumi. Wachezaji husema: basi lugha za nini? Soma kanuni tena. Dawa inakufanya uelewe unachokisikia na unachokisoma, haikufanyi uzungumze. Kwenye ufuko kama wa Nyasa, ambako Kimatengo kinashuka kutoka milimani, Kimpoto na Kinyasa viko pwani, Kingoni kiko nyuma ya milima na wavuvi wa ng'ambo wanakuja na lugha zao, mganga anayeelewa kila kitu na kukaa kimya kama bubu atashukiwa kabla hajala chakula cha jioni. Kanuni ya 2014 inamruhusu mchezaji kutunga historia yake mwenyewe ya mhusika kwa kuchagua aina zozote mbili za ujuzi na lugha au vifaa viwili. Lugha mbili za mahali hadithi inapopita ni chaguo bora kuliko mengi yanayong'aa zaidi.

Na ziwa lenyewe? Mganga akifika ngazi ya tano anapata dawa ya kupumua majini, ambayo inaweza kutosheleza watu kumi kwa saa 24, tena inafanyika taratibu bila kula nafasi. Inaonekana kama imemaliza habari ya kuogelea. Haijaimaliza. Inazuia kufa kwa kukosa hewa. Haizuii mawimbi kukupigiza kwenye miamba, wala haikurudishi ufukoni. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini-mashariki na kulichafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo, na msimamizi yeyote anayepafahamu hapa ataitisha riadha kila mtu atakapodondoka mtumbwini. Tena ngazi ya tano iko mbali. Mganga wa ngazi ya kwanza ana nafasi mbili za dawa kwa siku, na anaweza kurudisha moja akipumzika. Dawa tatu, ukiacha zile ndogo zisizokwisha. Saa zilizobaki anaishi kama watu wengine.

Mtu anaweza kusema haya ni ya karatasini, yaliyobuniwa na Wamarekani kwa ajili ya mizani ya mchezo. Ukweli ni kwamba historia ya kusini mwa Tanzania inaunga mkono hoja hii kwa nguvu kuliko kitabu chochote cha kanuni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji mwaka 1904 na 1905, na kilichoandikwa zaidi juu yake ni dawa: maji yatakayozifanya risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo haikuzuia risasi. Wangoni walioipokea waliliona hilo mbele ya bunduki za rashasha mwaka huohuo wa 1905, na mwaka uliofuata viongozi wao wengi, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao, walinyongwa Songea, mji ambao hadi leo unawakumbuka kila Februari 27. Sasa tazama kile ambacho hakikuwa dawa. Kinjikitile aliwakusanya watu wa makabila ambayo hayakuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja, akatuma wajumbe kubeba ujumbe mmoja mbali sana na kwao, na kuwafanya watu waliokuwa na ugomvi wao wa zamani wajione wana jambo la pamoja. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 4, 1905, siku chache tu baada ya vita dhidi yao kuanza. Vita viliendelea hadi 1907. Ilichoahidi dawa kilishindwa; alichokifanya kama mpangaji wa watu kilidumu miaka miwili baada yake.

Mpinzani atajibu, na ana haki, kwamba bila yale maji hakuna ambaye angemsikiliza. Nakubali. Fani ndiyo inayomfungulia mganga mlango, na sijasema aiache. Chikanga, mganga wa Ihete huko Rumphi, ng'ambo ya ziwa, aliyevuma tangu katikati ya miaka ya 1950, asingefikiwa na misururu ya watu kutoka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na nyanda za juu za Tanganyika kama jina lake la kuwatambua wachawi lisingetangulia. Ila fikiria kazi aliyokuwa akiletewa kila siku: ugomvi wa ndugu, wivu wa majirani, kijiji kilichokuja na mzee wake wakitaka neno la kuwatenganisha au kuwapatanisha. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila kumsoma mtu. Katika karatasi ya mchezo ujuzi huo upo, umo hata kwenye orodha ya mganga mwenyewe, na ndio wachezaji wanaouruka ili wachukue Elimu ya Uganga. Dawa ya kusikia mawazo ya mtu ni ya ngazi ya pili na hudumu dakika moja. Mazungumzo ya kweli barazani huchukua alasiri nzima.

Mfano mwingine hauna uganga wowote, lakini umetokea hapahapa, na msimamizi mwerevu anaweza kuugeuza kuwa kisa cha jioni nzima. Agosti 13, 1914, manowari ndogo ya Waingereza, Guendolen, iliingia Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na kuiharibu kwa mizinga. Nahodha Rhoades wa Guendolen na nahodha Berndt wa Wissmann walikuwa wakifahamiana vizuri. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda kidau akaenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba nchi zao ziko vitani. Tofauti kati ya manahodha hao asubuhi ile haikuwa ukubwa wa mizinga. Mmoja alikuwa na habari na mwingine hakuwa nayo. Mchezaji anayepanga mganga wake kwa kuhesabu madhara ya dawa za moto ajiulize angekuwa upande gani wa ghuba ile. Uangalifu, yaani kuona na kusikia kinachokuja, huitishwa mezani mara nyingi kuliko ujuzi mwingine karibu wote, na haumo kwenye orodha ya mganga. Lazima utafutwe katika historia yake ya maisha. Baharia anao, pamoja na riadha, na zana za kuongozea chombo juu yake. Kwa hadithi ya ziwani sijui chaguo lililo bora.

Upekuzi nao unastahili kusemwa kidogo, kwa sababu wengi wanauona ni ujuzi wa kutafuta droo za siri. Mpeleke mganga wako juu, Umatengo, na uone kazi yake. Mteremko umechimbwa ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu. Majani yalifyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati ukachimbwa na kufunikwa juu yake, na ndani ya mashimo hayo maji ya mvua hutuama badala ya kuteremka na udongo. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu mwingine. Anayejua kupekua anasoma shamba hilo: shimo lililofukiwa bila kurekebishwa lina maana mwenyewe hayupo au hana nguvu kazi, maharage yaliyoiva yasiyovunwa yana maana kuna jambo baya limetokea karibuni. Dawa ya kugundua uganga, ambayo waganga wengi huwa nayo, inatambua uganga tu, tena ndani ya futi 30. Haitamwambia nani ameikimbia nyumba usiku wa jana. Na kwa kuwa upekuzi hutegemea akili, hapa mganga hajitwiki mzigo asioumudu.

Tiba inanilazimu nitoe tahadhari. Msomaji wa huku atashangaa kwamba mganga wa mchezo huu hatibu. Dawa za kuponya kanuni zimewapa hasa wahusika wa dini na wa maumbile. Mchezaji akigundua hivyo hukimbilia ujuzi wa Tiba kuziba aibu, na nafasi inapotea, maana kazi kubwa ya ujuzi huo ni kumtuliza anayekata roho, na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye bei ya vipande vitano vya dhahabu hufanya hivyo mara kumi bila kurusha dadu. Nunua kisanduku. Kama unataka mganga mwenye mizizi kweli, tafuta mafunzo ya zana za mitishamba, ambazo kwa kanuni za 2014 ndizo zinazomwezesha mtu kutengeneza dawa ya kunywa ya kuponya majeraha. Historia ya mtawa wa upwekeni inazo.

Kuhusu mganga aliyebobea katika tawi moja la uganga, tuseme la moto na radi, na anafikiria kuchukua dawa za matawi mengine: ushauri wangu ni uleule. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, mbobezi alikatazwa kabisa matawi fulani, na hapo uchaguzi ulikuwa mchungu. Toleo la tano limeondoa katazo; kunakili dawa ya tawi jingine kunagharimu vipande 50 vya dhahabu na saa mbili kwa kila ngazi ya dawa, na ya tawi lako ni nusu ya hapo. Mwenye moto wa kutosha hahitaji moto wa nne. Achukue dawa za taratibu zisizokula nafasi, kama ya bundi wa kutumwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wale wanaosema mhusika bora ni yule anayefanya jambo moja vizuri kupindukia, na kwamba kutawanya ni kujidhoofisha. Wako sahihi kwa sehemu. Alama za uwezo zisitawanywe: akili iwe juu, na ngazi ya nne, pale unapopewa kuchagua kati ya kuongeza akili na kujifunza kipaji kipya cha pembeni kama kupigana kwa upanga, ongeza akili. Silaha hasa ni mtego. Mganga mwenye upanga ni mpiganaji dhaifu, na dawa ndogo zisizokwisha tayari zinamfanyia kazi ileile. Lakini ujuzi haukuombi uchague kati yake na fani. Mkulima wa kahawa wa Umatengo analijua hili bila kitabu: kahawa ndiyo fedha yake, na ngoro za maharage na mahindi hazikuwahi kuichukulia nafasi. Miaka ya 1990, biashara huria ilipoingia na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaporomoka, pembejeo zikaadimika na malipo yakayumba, aliyebaki anakula ni mwenye ngoro. Hakuacha kahawa. Alikuwa na kitu cha kushika wakati fani imekwama, na mganga aliyemaliza dawa zake tatu saa nne asubuhi yuko katika hali hiyohiyo.

Wengine watasema msimamizi wao haitishi ujuzi, kila kikao ni vita tu. Basi mwambie. Msimamizi akiona karatasi nne za wahusika na tatu zina riadha na uangalifu, ataleta ziwa na usiku. Akiona Elimu ya Uganga tupu ataleta maandishi ya ukutani.

Niongeze neno moja pembeni, kwa sababu mchezo huu una uganga na tunaishi mahali ambapo kumtaja mtu kuwa mchawi kunaweza kumwondoa kijijini au kumtoa uhai. Mezani, adui asiwe bibi kizee mwenye macho mekundu. Msimamizi anayetafuta adui ana wavamizi, wafanyabiashara wa watumwa, madalali na mazimwi wa kutosha.

Kwa mganga wa ngazi ya kwanza anayeanzia ufukoni, basi, ningeandika hivi: Upekuzi na Kumsoma Mtu kutoka orodha yake, Uangalifu na Riadha kutoka historia ya baharia, na msimamizi akiruhusu kubadili zana kwa lugha, lugha moja ya ng'ambo. Hadithi ikiwa ya mjini na barazani, toa Riadha uweke Ushawishi. Hadithi ikiwa ya kuvamia ngome, weka Kunyata. Elimu ya Uganga iache hadi uwe na sababu unayoweza kuitamka kwa sauti, na kabla ya kuandika chochote mwulize msimamizi hadithi itapita wapi na wenzako wamechukua nini. Gharama isikuzuie: tangu Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast imeziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo zinapakuliwa bure na kuchapishwa kihalali, na kama dadu ya pande 20 haipatikani madukani Mbinga, vikaratasi 20 vyenye namba, vikikunjwa na kurudishwa kofiani kila baada ya kuchota, vinatoa hesabu ileile.